Kisima Chini ya Tuta

Kelestini alipewa ulinzi wa bwawa la wakulima pale Mofu kwa sababu hanywi pombe. Mambo ya tuta la udongo lililozuia maji hakuyajua kuwazidi wenzake, na aliwaambia hivyo mkutanoni, wakampigia makofi wakidhani ni unyenyekevu.

Kiangazi hiki maji yakaanza kuchuruzika chini ya tuta, upande wa nyumba ya dada yake, Aurelia. Watu wa huku wakiona maji yanatoka ardhini hawaulizi yametoka wapi. Aurelia alichimba kisima, akapanda magimbi pembeni, na katekista akaja kukiombea. Injinia wa umwagiliaji alipopita, alikuna kichwa.

"Yakitoka safi, msiogope," alisema. "Yakitoka na matope, tuta linaliwa kwa ndani. Fungulieni lango, maji yote yaende mtoni."

Haya. Asubuhi moja Kelestini akakuta kisima kimechafuka kama maji yaliyonawiwa miguu.

"Bata wangu hao, kaka," Aurelia akasema. "Usinipe presha."

Kelestini akafukuza bata, akazungushia miiba, akakataza watu kuchota. Jioni, matope. Kesho yake maji yakawa safi, akacheka peke yake. Mchana yakachafuka tena. Akampigia simu injinia.

"Machafu kiasi gani?"

Kiasi gani! Angepima kwa kitu gani? "Kiasi tu," akajibu, akajiona mjinga.

Mpunga ulikuwa unachanua, na mpunga ukikosa maji wakati huo unazaa mapepe matupu. Stanislaus, mfugaji aliyeuza ng'ombe ili alime, alimfuata hadi langoni. "Ukifungua, mzee, umetuua kwa njaa." Wengine walimkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hakuna aliyemwonyesha ufa wenyewe uko wapi. Njia mbili zilimshinda fisi. Kelestini hata mguu wa kutangulia hakuujua. Aliogopa kufungua, aliogopa kuacha, na kichwa kilimvurugika akawa anazunguka juu ya tuta kama aliyepoteza shilingi.

Kilichomfanya aamue hakikuwa akili. Alimwona Aurelia kule chini akimwogesha mwanawe wa mwisho, ameligeuzia tuta mgongo. Akaenda akazungusha gurudumu la lango.

Bwawa likakauka, tuta likabaki limesimama, zima kabisa. Injinia alikuja, akachomeka fimbo hapa na pale, akasema huenda lilikuwa linaliwa, na huenda walikuwa bata kweli. Akapanda pikipiki akaenda zake.

Wakati wa mavuno Kelestini alimkuta dada yake akipepeta mpunga uani. Upepo ulibeba karibu wote, na ungoni zikabaki punje za kuhesabika. Aurelia hakuinua uso.

"Kaka, niambie lingebomoka. Hata kama ni uongo, niambie."

Kelestini alitaka sana kumwambia.

"Sijui, mdogo wangu."

Aurelia akachota ungo mwingine.