Saini iliyohama kwa kidole

Juma lililopita nilikuwa kwa noteri mmoja hapa mjini, yule afisa anayethibitisha mikataba, nikingoja zamu yangu kwenye benchi. Mbele yangu aliketi mama mzee wa mtaa wa Bwiza pamoja na mwanawe, mtu mzima aliyevaa suti. Mwana alikuwa ametuma kwa imeili mkataba wa kuuza nyumba ya familia, chini yake saini ya mama. Noteri akawaita wote wawili mezani kwake, mbele yetu.

Alifungua faili kwenye kompyuta, akaigusa saini, akaivuta. Ikahama mpaka juu ya ukurasa.

"Hii ni picha tu, imebandikwa," akasema. "Saini halali ya kielektroniki inafunga mkataba. Ukibadilisha hata herufi, inaonekana. Mama, ni wewe uliweka saini hapa?"

Mama akasogelea skrini. "Saini ni yangu, lakini mi sijaandika kitu. Kumbe nyumba inauzwa?"

Mwana akatazama viatu vyake. "Unisamehe, mama. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa kweli."

Sisi wa kwenye benchi tuliinamisha vichwa kama washtakiwa. Wangapi kati yetu tumehifadhi saini za wazee wetu kwenye simu, eti kuwapunguzia safari?

Mama alisimama kwa shida. Mwana hakuthubutu kumgusa, akabaki ameduwaa mlangoni.

"Nishike basi," mama akamwambia. "Ngazi ni mingi, na we ni mutoto wangu."

Akamshika, wakashuka polepole. Mwana alikuwa analia.