Maji ya Ganda la Duriani

Tangu ujana wake Saodah aliuza matunda kando ya barabara ya mji wa Raub. Duriani lililoiva alilijua kwa harufu, kabla hajaligusa. Kisukari kilipomshika hakutishika. Duriani ni la moto mwilini, tunda la mangostini ni la baridi, nani asiyejua? Basi akila duriani zima hufuatisha mangostini, kisha humimina maji ya chumvi ndani ya ganda la duriani akayanywa. Moto umezimwa, na sukari imekwenda zake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na dada yake Limah, naye aliona raha kutii.

Msimu huu aliona damu kwenye kandambili. Msumari ulikuwa umezama unyayoni na hakuusikia. Hofu ikamwingia. Akakibonyeza kidole gumba cha mguu: ganzi. Akabonyeza kwa nguvu: ganzi.

Noraini, muuguzi wa zahanati, alisafisha kidonda, akampima sukari, akasikiliza habari za duriani na mangostini, akaguna.

"Mangostini nalo lina sukari, mama. Unazima moto kwa mafuta ya taa!"

"Na maji ya ganda?"

"Maji tu hayo."

"Basi nisionje tunda mpaka kaburini?"

"Nani kasema? Kokwa moja ndogo ya duriani na nyama yake, na wali upunguze. Siku nyingine nusu pera. Usirundike, na upime. Kesho nikione tena kidonda."

Saodah alitoka, akachechemea hadi kwa Limah, aliyekatwa mguu mwaka juzi kwa kisukari hichohicho. Ukoo mzima ulimlaumu Limah kwa uroho, na Saodah ndiye aliyepayuka kuliko wote.

"Dada, zamani ukila duriani, maji ya ganda ulikuwa unakunywa kweli?"

Limah akacheka. "We mtoto! Si mimi niliyekufundisha? Sikuacha hata siku moja, na mangostini juu yake."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Saodah alilisikia la mkuu. Akautazama upande mtupu wa saruni ya dada yake, akaogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani.

Alipasua duriani dogo alilokuja nalo. Kokwa moja akampa Limah, moja akala yeye polepole, nyingine akawapelekea majirani. Aliporudi, Limah alikuwa ameshashika birika la maji ya chumvi, mkono mwingine ameunyoosha.

"Lete ganda, basi."

Saodah akalinyakua ganda, akalificha mgongoni, miiba ikimchoma, akaangua kilio.