Mkono wa Kulia

Nilihamishiwa Songea kufundisha fizikia, na rafiki yangu wa kwanza alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya parokia, Mngoni wa mtaa wa Bombambili aliyenizidi miaka kumi. Kwaya ilikuwa imepata kinanda kipya. Kile cha zamani, cha miaka ya themanini, walitaka kukitupa; yeye akakibeba nyumbani, akafufua vitufe vilivyokufa kwa vipande vya mpira alivyokata kwenye rimoti mbovu.

Sauti za kinanda hicho zilikuwa zile tulizozisikia utotoni kwenye kanda za video, za baridi, zenye mwangwi, kama mtu anaimba ndani ya bomba. Nilimwonyesha kwenye laptop yangu vijana wa nchi za mbali wanaotunga muziki mpya kwa sauti hizohizo za zamani. Alisikiliza, kisha akasema hata sisi tunaweza.

Kila Jumamosi mchana tulirekodi kwake, tukisubiri mashine ya kusaga ya jirani inyamaze. Mimi nilipanga ngoma kwenye kompyuta. Yeye, mkono wa kushoto ulishika besi, wa kulia ukapiga melodi. Tulimaliza nyimbo tisa, tukaziweka mtandaoni, na watu wachache wa mbali wakaandika kwamba wamezipenda. Hapa mjini tulipiga mara moja tu, kwenye harusi Majengo; mshereheshaji akaja kuuliza kama nyaya zina hitilafu. Tulicheka njia nzima.

Mwaka jana, akipalilia mahindi shambani kwake Mshangano, alianguka. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakawa mazito.

Niliamini muziki utamrudisha. Alipotoka hospitali, kila Jumamosi nilimwekea kinanda mapajani. Besi ilikuwa kamili, haikukosea hata noti moja. Juu yake, mahali pa melodi, hapakuwa na kitu. Nilikijaza kimya hicho kwa maneno: mazoezi, subira, Mungu.

“Kichukue, Mwalimu,” akasema siku moja.

“Mkono utarudi, kaka.”

“Nimesema kichukue.”

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani, nikiwa nimekibeba. Alinieleza, bila kunilaumu, kwamba mumewe halali. Anagonga ukingo wa kitanda kwa vidole vya kushoto, vizuri kabisa, halafu anasubiri. Miezi yote hiyo nilidhani nampelekea dawa.

Wimbo wa kumi ulikuwa umebaki nusu. Nilikata melodi zake kwenye nyimbo za nyuma, nikaziunga kipande kwa kipande kwenye kompyuta. Ikatoka sauti yake hasa, hadi ile tabia yake ya kuchelewa kidogo kabla ya noti ya mwisho. Nilisikiliza mara moja. Niliona aibu, kama nimemvua maiti saa, na mwenyewe yu hai. Nikafuta. Sijatunga kitu tangu hapo, na kusema kweli sidhani kama nitatunga.

Bado naenda kwake Jumamosi, mikono mitupu. Tunakaa barazani, tunazungumza mvua na mbolea, na mazungumzo yanakwisha mapema. Juzi aliniuliza kama nimepata mtu mwingine wa kupiga naye. Nikamwambia hapana. Akatazama pembeni, na sikujua kama jibu langu limempa nafuu au limemwongezea mzigo.