Konokono wa Chini ya Magugumaji

Nakumbuka asubuhi moja kule Nyegezi, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka naona aibu.

Kiwanda chetu kilikuwa kimeuzwa, na wengi wetu tukapunguzwa kazi. Nilirudi nyumbani kwa mke mjamzito, na mikono yangu ilijua mashine tu. Nikalima bustani ya chainizi na mchicha karibu na ziwa, maana ndiyo iliyobaki kutulisha. Miaka hiyo magugumaji yalikuwa yamejaa ziwani mpaka mitumbwi inashindwa kupita. Mimi mjanja nikaona nimepata matandazo ya bure. Nikayavuta, nikayatandaza mabichi juu ya matuta, na kila jioni nikamwagilia maji mengi. Nilijisifu sana, usicheke.

Wiki haikuisha, miche ikaanza kuliwa. Kila nikiamka nakuta majani yametobolewa na ute unang'aa juu ya udongo. Walikuwa konokono, wale wasio na gamba. Jirani yangu alikuwa mjane wa Kisukuma, Bibi Kabula, mfugaji wa bata, na bustani yake ilikuwa na majani majani pembeni. Nikaamua wanatoka kwake. Nikamfuata ziwani akichota maji na wanawake wenzake, nikamwambia kwa sauti kwamba uvivu wake utatuua njaa. Hata shikamoo sikumpa. Yeye alijitwisha ndoo yake, akaondoka.

Siku hiyohiyo nikaenda mjini. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila mtu anauza anachokipata, nikanunua dawa iliyotiwa kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi ya maelezo. Kesho yake asubuhi niko bustanini naifungua, nikamwona Bibi Kabula anakuja. Nikajua amekuja kugombana.

"Hiyo nini, baba?"

"Dawa ya konokono."

"Dawa gani?"

"Jina silijui. Muuzaji amesema inaua kila kitu."

"Kila kitu," akasema, akitazama mlango wa nyumba yangu. "Na hiyo mboga si ataila mkeo na mimba yake?"

Mwanangu, sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja, na hofu iliyonishika siwezi kukueleza. Nikafunga chupa. Yeye akachuchumaa, akafunua magugumaji kwa kijiti. Chini yake, kwenye unyevu, konokono walikuwa wamelala wamebanana. Akafunua tuta la pili, hali ileile.

"Umewatandikia kitanda wewe mwenyewe," akasema, na wala hakunicheka.

Tukaondoa matandazo yote, tukayaanika mbali juani. Akanifundisha kumwagilia asubuhi, ili jua likizama udongo uwe umekauka juu. Akaniambia nilaze kipande cha ubao kati ya matuta, nikigeuze kila kukicha, niwaokote waliojificha niwapelekee bata wake. Miche tukaizungushia majivu makavu, ya kuwekwa upya kila mvua ikinyesha. Nusu yake ilipona, ikatutosha.

Siku hiyo tulipomaliza kazi nikamwambia, "Bibi, nisamehe kwa maneno ya jana."

Akapangusa mikono kwenye khanga. "Ulinisema mbele za watu. Mbona unaniomba msamaha tukiwa wawili?"

Alipokwenda kuchota maji nikamfuata ziwani. Wanawake walikuwa palepale na ndoo zao. Nikampa shikamoo, nikasema wote wasikie kwamba konokono walikuwa wangu na uvivu ulikuwa wa kichwa changu. Akaitikia marahaba, kisha akaniomba nimtwishe ndoo.

Basi, mwanangu, bustani yako ikiliwa, funua kwanza matandazo yako kabla hujavuka mpaka wa jirani. Usimwage usichokijua kwenye chakula cha watu wako. Na ukimkosea mtu hadharani, nenda ukamwombe radhi hapohapo hadharani, hata kama unaona aibu. Mungu aibariki mikono yako, na nyumba yako isikose mboga wala jirani wa kukuambia ukweli.