Jina la Mtu Tusiyemlilia

Nakumbuka siku moja mama yangu alipokataa kumpakata mtoto wangu wa kwanza. Siku nyingi za maisha yangu zimekwisha kunitoka kichwani, Mwanangu, lakini hiyo imekaa. Nakusimulia kwa sababu nimesikia kwamba tumbo lako limekua na unatafuta jina la mtoto katika simu, jina ambalo hakuna mwingine hapa mjini Likasi analo. Mimi nilikutangulia katika upuuzi huo. Basi kaa kidogo, chai haijachemka.

Kwanza uelewe nilikuwa nani. Naitwa Ilunga, na katika mji huu ukirusha jiwe sokoni utampiga Ilunga. Kwenye karakana ya kiwanda nilikoanza kazi ya mabomba tulikuwa Ilunga watatu. Msimamizi hakutaka kuumiza kichwa, akatuita Ilunga un, Ilunga deux, Ilunga trois. Mimi nilikuwa trois, wa tatu. Hata mke wangu akituma mtu kuniita langoni, alilazimika kusema trois. Wewe unacheka, mimi sikucheka. Niliapa kwamba mtoto wangu hataitwa kwa namba.

Katika karakana hiyo kulikuwa na kabati la michoro ya zamani, michoro ya tanuru na mabomba iliyochorwa na Wazungu kabla sijazaliwa. Chini pembeni, kwenye kila karatasi, mchoraji alikuwa ameandika jina lake kwa mwandiko mzuri: Courtemare. Sikumjua, wala hakuna mzee aliyewahi kunipa habari zake. Nilipenda tu jinsi jina lilivyokaa pale peke yake, bila un wala deux. Nikafikiri jina kama hilo lazima liwe la watu wa nyumba kubwa.

Mke wangu akapata mimba. Baba yangu, Mwepu, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nawe unaijua desturi yetu, au labda huijui, maana siku hizi mnalelewa na simu. Mzee akifa, jina lake hubaki nje likingoja mtoto. Mtoto akilipokea, mzee ameingia tena ndani ya nyumba. Mjane wake humwita mtoto yule bwana yangu, humtania, humgombeza kwa mchezo, na akiugua hakai mbali naye. Mama alinitumia habari mara mbili kutoka Kapolowe alikokaa: akizaliwa mwanaume, ni Mwepu. Mara zote mbili nilijibu ndiyo.

Lakini akina Mwepu nao wamejaa mjini. Alizaliwa mwanaume, na nilipofika ofisi ya commune kumwandikisha, akilini nilimwona tayari amesimama katika mstari wa shule, Mwepu wa nne. Serikali ilitukataza majina ya Kizungu kwa miaka mingi, na ilipofungua mlango wenzangu walirudia Jean na Pierre, wakayaweka mbele ya majina ya wazee wao, wakatosheka. Mimi sikutosheka. Karani aliniuliza kama Courtemare ni prénom, jina la mbele. Nikamwambia hapana, ni nom, jina lenyewe la nyumbani, andika. Aliniangalia, akaandika. Mke wangu nilimwambia baada ya muhuri kugongwa.

Mama akaja. Alibeba unga wa bukari, ugali wetu, kuku mmoja, na udongo mweupe uliofungwa kitambaani, wa kumpaka mtoto kwenye paji la uso. Alinawa, akaketi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Munipatie bwana yangu," akasema.

Ikabidi niseme. Nilimtajia jina, na hapo hapo nikaanza kujitetea:

"Mama, ba Mwepu beko bengi. Minye nataka mutoto akuwe na jina yake moja."

Mikono yake ikashuka. Kama angenitukana ningepumua, lakini aliuliza tu, polepole:

"Uyu Courtemare ni nani kwetu? Alikufa wapi? Nani alimulilia?"

Akaufunga tena udongo wake. Unga na kuku akamwachia mke wangu, kwa kuwa mzazi lazima ale, na asubuhi akarudi Kapolowe. Alipofika mlangoni alisema bila kuniangalia, "Baba yako atabakia inje." Mama alifariki kabla mvua za mwaka wa pili hazijakwisha, na hakumpakata mtoto hata mara moja. Maji yakimwagika hayazoleki, Mwanangu, na mimi niliyamwaga kwa mkono wangu huku nikijiona mwerevu.

Mtoto akakua. Hakuitwa kwa namba, hilo nililipata. Badala yake kila mwalimu mpya alimsimamisha na kumuuliza jina hilo alilitoa wapi, na majirani wenye midomo wakamwangalia mama yake vibaya. Kijana alizoea kujibu kwamba hajui, kwa sababu mimi niliona haya kumwambia habari ya kabati.

Alipokuwa mtu mzima alilitafuta jina lake katika simu, akanisomea. Ni jina adimu hata huko Ufaransa, la familia chache za sehemu moja ya mashamba. Maana yake ni kidimbwi kifupi. Wa kwanza walikaa karibu na kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe, wakaitwa hivyo, basi. Mimi niliyetaka nyumba kubwa nilikuwa nimeokota kidimbwi cha ng'ombe. Wala si jina baya. Walilipata mahali pao, kama sisi tulivyopata yetu kwetu. Ubaya ulikuwa wangu.

Chini ya ukurasa ule wa simu palikuwa na nafasi ya kuandika ujumbe. Kijana wangu akaandika kwamba yeye ni Courtemare wa Likasi. Akajibiwa na bibi mmoja mzee. Alisema baba yake mdogo alichora mitambo Kongo katika ujana wake, akarudi kwao mgonjwa, akafa bila mke wala mtoto. Yeye alikuwa msichana wakati huo, na alimlilia sana. Sasa alitaka kujua kama kijana wangu ni mjukuu wa marehemu, na kama kweli yule mtu aliacha damu yake duniani.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mama. Courtemare alikuwa na watu wake wa kumlilia, na mimi nilimchukua bila kumwomba yeyote. Nikamwambia kijana ukweli wote wa kabati, naye akamwandikia yule bibi. Bibi alijibu mara moja tu, kwa upole, akiuliza kama sisi tulikuwa na majina yetu, tulihitaji lao la nini. Hakuandika tena. Niliona aibu, na kijana wangu aliacha kuja kula kwangu siku za Jumapili.

Mwaka jana akapata mtoto wa kiume. Nilivaa koti, nikatia udongo mweupe mfukoni, nikaenda kuomba aitwe Mwepu. Mkataa kwao mtumwa, na mimi nilikuwa nimechoka na utumwa wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Baba, uyu Mwepu minye simujue. Kama weye ulimupenda, juu ya nini haukunipatia jina yake?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, nami nilirudi nyumbani na udongo wangu. Mtoto akapewa jina walilolipenda katika simu, na ulimi wangu hauliwezi. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nampakata, na sijui nimwite nani.

Basi shika neno langu. Kabla hujafungua simu, nenda kwa wakubwa wa kwenu uwaulize nani yuko nje. Jina la Kizungu likikupendeza, liweke mbele, halina kosa. Lakini la nyumbani litoke kwa mtu ambaye nyinyi mlimlilia, na mtoto asimuliwe habari zake tangu akiwa mgongoni, asije akakuuliza nilivyoulizwa mimi. Wakiwa mia mjini wenye jina hilo, waache wawe mia, wa kwenu ni mmoja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na mama yako ukimjibu ndiyo, iwe ndiyo.

Mungu akufungue salama, Mwanangu, wewe na huyo uliyembeba. Azaliwe mzima, na awepo mzee wa kunyoosha mikono na kumpokea. Baba yangu bado yuko nje, na mimi karibu nitamkuta huko. Wa kwenu waingie ndani.