Mayai Niliyomkataza Mama

Mama alianza kula mayai akiwa na miaka sitini na tatu. Kwetu Mugoma, wilayani Ngara, wanawake wa rika lake hawakula mayai wala nyama ya kuku. Waliyaokota, wakayachemsha, wakamwekea mume mezani, wao wakala maharage. Mama aliambiwa hivyo na mama mkwe wake wiki ya kwanza ya ndoa, na hakuuliza sababu. Baba alipofariki, alikaa karibu mwaka mzima akiyapeleka mayai yote gulioni. Kisha asubuhi moja akachemsha moja, la kwake.

"Nilifunga mlango kwanza," aliniambia, akicheka mpaka akashika mbavu. "Bibi mzima najifungia ndani kama mwizi, kwa ajili ya yai!"

Tangu siku hiyo alikula yai kila asubuhi, pengine mawili. Alikuwa na namna yake: anakula ute kwanza, kiini anakibakiza mwisho, anakikata vipande vidogo kwa ukucha ili kisiishe upesi.

Mimi naishi Nyarubungo, upande wa Biharamulo, na kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe, kalamu mkononi, nikipiga mstari chini ya kila neno nisilolijua. Miaka sita iliyopita nilipata gulioni kitabu cha afya kilichokwisha kutumika. Jalada na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo sikujua kilichapishwa lini. Jambo hilo halikunisumbua. Pampu nikiletewa, siigusi kabla ya kusoma kibao chake nijue ni ya mwaka gani. Kitabu kilichozungumzia moyo wa mama yangu sikukiuliza umri.

Sura ya moyo niliielewa kwa urahisi, na huo ndio ulikuwa mtego. Moyo ni pampu, mishipa ni mabomba. Kitabu kilisema kiini cha yai kina kolesteroli nyingi, ambayo ni aina ya mafuta. Ukurasa uliofuata kilisema kolesteroli ikizidi katika damu hujenga utando ndani ya mishipa na kuiziba. Nikaunganisha kurasa hizo mbili kama ninavyounganisha bomba na bomba: kinachoingia mdomoni ndicho kinachokwenda kuganda mshipani. Lugha nayo ilinisaidia kukosea. Ya kukaangia ni mafuta, ya kwenye nyama ni mafuta, ya kwenye damu ni mafuta. Hata kwa Kihangaza, tunachozungumza nyumbani, yote ni amavuta. Kwa kuwa neno lilikuwa moja, nikaamini na kitu ni kimoja.

Mwezi uleule mama alipimwa zahanati, akakutwa na presha. Nilikwenda Mugoma na kitabu changu mkobani. Nilimkuta jikoni, yai liko kwenye sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, nikuongezee la pili."

"Mama, mayai uyaache."

Alifikiri natania. Nikafungua kitabu, nikamsomea mistari yote niliyoipigia alama, nikamchorea bomba kwa kijiti kwenye majivu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kitabu chako kinasema aliyoyasema mama mkwe wangu," alisema.

"Hapana mama. Yule hakuwa na sababu. Mimi ninayo."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Akaepua sufuria, akanipa yai lile. Nililila, nikiamini nimemwokoa.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya Ngara, na chupa ya mawese ilikuwa imeganda. Mama aliisogeza kando ya jiko mawese yayeyuke, kisha akayamimina kwenye maharage, akatia chumvi kwa kiganja kama alivyozoea. Niliyaona hayo yote. Nilimsifu kwa kula maharage. Mafuta yaliyoganda mbele ya macho yangu ndani ya chupa sikuyatilia shaka, nikatilia shaka yai.

Mama hakuvunja neno lake hata mara moja. Ugenini alikula ute tu, kiini akakiacha pembeni ya sahani. Kila nikimtembelea nilimuuliza, naye alijibu, "Sijagusa." Nilifurahi. Alikuwa amepungua mwili, nikasema ni vizuri kwa moyo.

Mwaka jana nilipimwa mwenyewe, hospitali moja huku Biharamulo. Daktari alikuwa kijana, mvumilivu, na foleni siku hiyo ilikuwa fupi. Nilimweleza jinsi nilivyomkinga mama, nikitarajia pongezi.

"Mzee, mama ana kisukari?"

"Hana. Ana presha tu. Na alipopimwa mafuta ya damu, waliniambia yako sawa."

"Basi yai moja kwa siku halikuwa na neno kwake. Kolesteroli iliyomo mwilini, sehemu kubwa ini huitengeneza lenyewe. Ukila mayai, kwa watu wengi ile ya kwenye damu hubadilika kidogo tu. Mafuta yanayoganda ndiyo huipandisha zaidi. Mwenye kisukari, au ambaye tayari amekutwa nayo juu, huyo tunakaa naye tukapanga. Chumvi je, anatumia kiasi gani?"

Sikujua. Miaka mitano nilimuuliza mama juu ya mayai, na sikuwahi kumuuliza juu ya chumvi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mugoma. Mke wa mdogo wangu, anayeishi na mama, alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilichemsha mayai matatu kwa mkono wangu, nikawaita, nikasema yote: kwamba nilikosea, kwamba kitabu kilikuwa cha zamani, na kwamba hata hicho cha zamani nilikisoma vibaya.

Mama alimenya yai lake taratibu. Alitenga kiini, akakiweka ukingoni mwa sahani, akala ute.

"Na kiini, mama."

"Nimekusikia."

"Hakina madhara."

"Mama mkwe alinikataza, nikatii. Ukanikataza wewe, nikatii. Leo unataka nitii kula?" Hakusema kwa hasira. "Mwanangu, hamu nayo huzeeka. Nilikuwa nayo, ukaikuta, ukaiondoa. Sasa nikikitazama naona lile bomba lako la kwenye majivu."

Shemeji yangu hakuwa amegusa la kwake. Nilimuuliza kama hajisikii vizuri.

"Mimi huwa sili, shemeji. Mama alinifundisha. Alisema wewe umesoma, mayai yanaziba moyo wa mwanamke."

Wa mwanamke. Kitabu hakikusema hivyo, wala mimi. Lakini neno langu lilikuwa limeangukia kwenye udongo wa mwiko wa zamani, likaota kama mwiko ule. Mama aliinamisha kichwa, na nilielewa kwamba naye, ingawa alilisema mwenyewe, alikuwa amelisikia sasa hivi, kwa mara ya kwanza.

Akachukua kiini chake, akakiweka kwenye sahani ya mkwewe, juu ya lile yai zima.

"Kula," alimwambia. "Usingoje kuwa mjane kama mimi."

Shemeji alitafuna akitutazama kwa zamu. Mama alinyanyuka, akaichukua chupa ya mawese kando ya jiko, akanionyesha.

"Na haya? Yanasemaje leo?"

"Kijiko kimoja, mama. Usimimine. Na chumvi uipunguze."

"Nilijua hutaondoka hapa bila kuninyima kitu," alisema, akacheka, nami nikashindwa kucheka naye.

Anatumia kijiko sasa, na presha imeshuka kidogo. Shemeji alijifungua salama, na anakula mayai. Mama anakula ute. Kiini anakitenga kwa ukucha, kizima, anampa mkwewe.