Ng'ombe na Sabufa

Baba alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: kwaya isikike sebuleni kwake kule Mkuu kama inavyosikika kanisani. Akateremka mpaka kwangu Shirimatunda, tukaenda wote mjini kutafuta spika.

Muuzaji alimwamkia, akatuonyesha aina mbili: spika ndogo zenye sabufa yake ya kuweka chini, na spika ndefu za kusimama, zilizomfikia baba kifuani. Baba alizizunguka zile ndefu kama anakagua mtamba mnadani.

"Hizi ndizo spika," alisema. "Hizo nyingine ni redio iliyovunjika vipande."

Mimi nikajifanya mtaalamu. Nilimwambia sebule yao imejaa makochi, tena besi yote inatoka kwenye sabufa. Muuzaji akaiwasha. Vioo vya kabati vikatetemeka, baba akashika kofia yake, akakubali shingo upande.

Nilichosahau ni kwamba banda la ng'ombe wa mama limegusana na ukuta wa sebule, na tulipofika Mkuu sabufa niliiweka kwenye kona ya ukuta huohuo. Jioni mama akaenda kukamua, nami nikawasha. Besi ya kwanza tu, nikasikia ndoo ikibingirika, halafu sauti ya mama. Aliingia ameloa maziwa toka kilemba mpaka kandambili.

"Zima hilo dude!"

Tuliihamisha kona zote, bure. Kila ikinguruma, ng'ombe anabana maziwa. Mama akaniambia nichague: muziki au chai ya maziwa.

Tukairudisha dukani.

"Ina tatizo gani, dada?" aliuliza muuzaji.

"Haina tatizo. Ng'ombe hapendi besi."

Akamwita mwenzake kutoka stoo aje asikie kwa masikio yake. Walicheka mpaka wakafuta machozi, lakini wakatubadilishia.

Spika ndefu tulizisimamisha upande wa pili, unaotazama migomba. Besi yake ilikuwa ya upole, na ng'ombe aliendelea kucheua kama hajasikia kitu. Baba alivuta kiti, akaketi katikati ya spika zake, mikono magotini, kama anapigwa picha.

Mama alizitazama kwa muda, akaingia chumbani, akatoka na vitambaa vyake vya kufuma. Akavitandika juu ya spika, na juu ya kila kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Kwaya ilipoanza, maua yakatikisika.

"Hizi angalau zina kazi," alisema.